Baina ya Mavi na Damu

Idd el-Hajj iliyopita, Koboko, ng'ombe alipokwisha kuchunwa, kazi yangu ilikuwa kumwaga yaliyomo tumboni. Mzee mchinjaji akaniambia, "Mwanangu, hiyo ndiyo farth unayoisoma huko Arua." Alikusudia Surat an-Nahl, aya ya 66, kuhusu maziwa safi yatokayo baina ya mavi hayo na damu.

Niliporudi chuoni nikasoma. Tumbo kubwa la ng'ombe karibu halina oksijeni. Bakteria wanaomvunjia nyasi humo, oksijeni kwao ni sumu. Lakini kidogo huingia, pamoja na majani na maji anayomeza, na kutoka kwenye damu ya ukuta wa tumbo. Kwa hiyo wengi wana vimeng'enya vya kujikinga. Kimeng'enya kimoja cha kinga hiyo, supaoksaidi dismutasi, kilitambuliwa mwaka 1969 na McCord na Fridovich huko Marekani, ndani ya damu ya ng'ombe. Farth na damu! Nikaanza kuandaa darsa: "Qur'ani Ilitaja Vimeng'enya."

Bahati nzuri sikuishia hapo. Mwaka 1971 watafiti hao walieleza kuwa bakteria wasiovumilia oksijeni hufa kwa sababu hawana kimeng'enya hicho. Baadaye kikapatikana kwa baadhi yao, na wengine wakakutwa na vimeng'enya vya aina nyingine. Nadharia ikarekebishwa. Sasa, ndugu yangu, lau mhadhiri wa 1972 angeifunga aya kwenye nadharia ile, nani angeumbuka? Si McCord, kujirekebisha ndiyo kazi ya mwanasayansi.

Utaniambia darsa kama hizo huwavuta vijana msikitini. Kweli, nimewaona. Maurice Bucaille, daktari Mfaransa, aliifafanua aya hii kwa elimu ya mmeng'enyo katika kitabu chake cha 1976, na wengi walifaidika. Sipingi kutafakari, aya yenyewe inatuita tuzingatie wanyama. Ninachoogopa ni neno "Allah amekusudia" kutoka kinywani mwangu bila ilimu. Hilo ni kumsemea Allah (S.W.), na nia ya da'wa hailisafishi. Na kijana niliyemvuta kwa kimeng'enya, akifika mwaka wa tatu wa biolojia akakuta marekebisho, atashuku kimeng'enya au atashuku aya?

Darsa ile nimeifuta. Mzee wa Koboko hakudai chochote. Alinionyesha, akasema Subhanallah, kisha akaniamuru nimwage mbali na kisima.