Nani Atamlinda Mama Fua?

Mamangu ni mama fua. Amefua nguo za watu hapa Nairobi tangu niwe darasa la tatu, na pesa hizo ndizo zilizonipeleka chuo kikuu kabla sijaacha masomo. Mwezi uliopita mteja wake mmoja alinunua mashine ya kufua. Vibarua viwili vya kila wiki vikaisha hivyo tu.

Nilikasirika. Nikamwambia serikali ingepandisha ushuru, mashine hizo zisiingie kabisa.

Marekani walijaribu. Kampuni ya Whirlpool ililalamika kwamba Samsung na LG zinaleta mashine za bei ya kutupa. Januari 2018 serikali ya Trump ikaweka ushuru: mwaka wa kwanza, asilimia 20 kwa mashine milioni 1.2 za kwanza, asilimia 50 kwa zitakazozidi. Wachumi walipopiga hesabu baadaye, walikuta bei imepanda kwa takriban asilimia 12. Hata mashine za kukausha nguo zilipanda, na hazikuwa zimetozwa, kwa kuwa watu huzinunua pamoja. Kazi zilipatikana, kama 1,800. Kila moja iliwagharimu wanunuzi karibu dola 815,000 kwa mwaka.

Ni rahisi kucheka hesabu hiyo. Mimi siwezi, maana kila kazi ina mtu na watoto wake. Lakini najiuliza, kwa nini huyo alindwe na mamangu asilindwe? Enyewe jibu ni kwamba Whirlpool ilikuwa na mawakili. Mamangu ana karai.

Yeye alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na wewe ukipata pesa, hutaninunulia moja?"

Nilinyamaza. Vidole vyake vimepasuka kwa sabuni, na jioni hawezi kuinama. Nilitaka majirani walipe zaidi ili kazi inayomuumiza iendelee kumuumiza.

Sasa naona nilichanganya mtu na kibarua chake. Mashine na ije. Lakini tayari inatozwa ushuru ikishuka Mombasa, na kwenye pesa hizo hakuna hata shilingi iliyotengwa kwa anayeachishwa kufua. Kama sote tunafaidi bei nafuu, hasara ikimwangukia mmoja ni deni letu sote.

Kesho ataamka saa kumi na moja kutafuta nyumba nyingine yenye nguo chafu.