Mtu Asingiziwapo Wizi Dukani

Wasomaji wetu, methali yasema kwamba siku za mwizi ni arobaini. Twaipenda methali hii, nasi huitamka kwa furaha kila mwizi anaposhikwa. Walakini methali haisemi neno lolote juu ya mtu ambaye si mwizi, naye ameshikwa kwa kosa asilolitenda. Mtu huyo hana siku arobaini. Ana saa moja tu, mlangoni pa duka, watu wakimtazama. Mwezi huu twapenda kufikiri pamoja nanyi habari ya saa hiyo moja.

Na tuweke mfano. Mama mmoja ametoka Mtae alfajiri kwa basi, amefika Lushoto kuuza mboga zake na kununua mahitaji ya nyumbani. Katika duka la kwanza amenunua sabuni, akaitia kikapuni. Kisha ameingia duka la pili, lile kubwa ambalo kila mnunuzi hujichagulia vitu mwenyewe na kulipa karibu na mlango. Hakukiona alichokitaka, akageuka kutoka. Mlinzi amshika mkono. "Mama, sabuni hii umeilipia wapi?" Sabuni ni ya namna ile ile iliyopangwa rafuni. Stakabadhi hanayo. Basi apelekwa chumba cha nyuma, mlango wafungwa, naye aambiwa: "Lipa mara kumi ya bei yake, utie sahihi karatasi hii kwamba umeiba, kisha uende zako. Usipotaka, tutawaambia watu walioko nje." Basi la mwisho la kurudi Mtae li karibu kuondoka, na watoto wamngojea.

Swali letu ni hili: je, alipe? Wengi watajibu, "Na alipe. Fedha hutafutwa, bali aibu haifutiki." Na wengine watasema kwamba ni unyenyekevu kukubali kudhulumiwa, wala haifai mtu mpole kugombania haki yake. Maneno haya yana sura ya hekima, wala hatuwadharau wayasemao. Lakini sisi twaona kwamba yana kosa ndani yake.

Kwanza, yatupasa kujua sheria yenyewe yasemaje, maana wengi hulipa kwa kutoijua. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 1977, ambayo haki za watu zilitiwa ndani yake mwaka 1984, yakataza katika ibara ya 13 kumtendea mshtakiwa kama mwenye hatia kabla haijathibitika kwamba ametenda kosa. Na ibara ya 15 yasema mtu asinyang'anywe uhuru wake ila kwa njia zilizowekwa na sheria. Tena Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 yampa raia ruhusa ya kumkamata mtu atendaye makosa fulani mbele ya macho yake. Lakini ruhusa hiyo ina mpaka. Aliyekamata sharti amkabidhi yule mtu kwa polisi pasipo kukawia bila sababu. Hakupewa ruhusa ya kumhukumu, wala kumtoza faini, wala kumpiga. Mlinzi wa duka, hata akivaa nguo za kazi na kofia, si askari polisi. Kwa kuvaa nguo hizo tu hapati uwezo wa polisi. Na kumfungia mtu chumbani pasipo haki ni kosa lililotajwa katika Kanuni za Adhabu.

Jambo hili si geni milimani kwetu. Wazee wetu walipeleka mashauri makubwa Vuga, mbele ya Simba Mwene. Hatusemi kwamba hukumu za Vuga zilikuwa za upole siku zote. Lakini mwenye kushtaki hakuwa yeye yule mwenye kuhukumu. Kimweri ye Nyumbai alipokufa mwaka 1862, vita viliingia nchini, na watu wengi walikamatwa wakauzwa utumwani pasipo shauri lao kusikilizwa. Ndipo Usambara ilipojua taabu ya nchi ambayo kila mwenye nguvu amejifanya hakimu. Na leo, kwa sheria iliyotungwa mwaka 1998, Lushoto ina Chuo cha Uongozi wa Mahakama, ambako mahakimu hufundishwa kazi yao. Ingekuwa ajabu kubwa kama hukumu ingetolewa katika chumba cha nyuma cha duka, katika mji ule ule.

Pili, na tuangalie kile kinachonunuliwa kwa fedha zile. Mama adhani ananunua amani. Kwa kweli ananunua ushahidi wa uongo juu ya nafsi yake. Karatasi ile yenye sahihi yake itabaki dukani, naye ameandika kwa mkono wake kwamba yu mwizi. Mkwewe akisikia, au mwalimu wa watoto wake, atajibu nini? Atasema, "Nilitia sahihi, lakini si kweli"? Jina jema hung'ara gizani, walisema wahenga. Lakini mwenye jina akilizima mwenyewe, nani atakayeliwasha?

Tena fedha zile huweka bei. Mlinzi aliyepata mara kumi ya bei ya sabuni leo atatafuta kikapu kingine kesho, na hatachagua kikapu cha tajiri mwenye kujua sheria. Atamchagua msichana atumwaye dukani na bibi yake, au mzee asiyejua kusoma. Hivyo upole wa mama umemfungulia mlango mtu wa kuwadhulumu wengine. Unyenyekevu unaomgharimu mwenye nao ni tunu. Lakini deni lake likilipwa na maskini mwingine, twaliitaje jambo hilo? Twakumbuka jinsi Paulo alivyofanya Filipi. Alipigwa na kufungwa pasipo hukumu, na asubuhi wakubwa wa mji wakataka kumtoa kwa siri. Yeye hakukubali, alitaka waje wenyewe wamtoe. Hatuwezi kusema kwamba Paulo alikuwa na kiburi. Alijua kwamba kosa lililofichwa leo litarudiwa kesho juu ya ndugu waliobaki mjini.

Tatu, haki yatuamuru tumsikilize na mwenye duka. Wizi upo, nao wamwumiza. Mwenye duka dogo akiibiwa vitu vichache kila juma, faida yake yote yaweza kutoweka, na mtoto wake akarudishwa shuleni kwa kukosa mahitaji. Ana haki ya kuangalia mali yake, kuweka walinzi na kamera, na kuuliza kwa adabu. Kushuku si dhambi. Lakini kushuku si kujua. Kikombe cha fedha kilionekana katika gunia la Benyamini, mbele ya mashahidi wote, naye Benyamini hakuiba kitu. Ikiwa kitu chenyewe kilichoonekana gunia laweza kutudanganya, je, sabuni inayofanana na sabuni nyingine si zaidi? Kwa hiyo twamwambia mwenye duka: umeibiwa, basi peleka shtaka mahali pake. Sheria yaweka adhabu ya kifungo hata miaka saba kwa wizi. Huna haja ya kujitungia sheria yako. Na ukipokea fedha ili kuficha kosa kubwa usilishtaki, jihadhari, maana kufanya hivyo ni kosa pia.

Basi, mtu aliyeshikwa bila hatia afanyeje? Asikimbie, hata akiwa na hofu, kwa sababu mbio huita ukelele wa "Mwizi!", na ukelele huo umekwisha kuua watu wengi katika miji yetu pasipo kuulizwa neno. Aseme kwa sauti ya utulivu: "Sikuiba. Tafadhali waite polisi." Ataje duka alilonunua, na aombe mtu atumwe kuuliza. Kama ni mwanamke na hapana budi apekuliwe, sheria yataka apekuliwe na mwanamke mwenzake, kwa staha. Asitie sahihi karatasi yoyote ya kukiri. Amwite ndugu yake kwa simu. Akifika kituoni, ana haki ya kuambiwa sababu ya kukamatwa, na kuomba jamaa au wakili apashwe habari. Na mtu asikae mikononi mwa polisi akasahauliwa. Kipimo cha sheria ni saa 24, ndani yake apelekwe mahakamani au aachiliwe kwa dhamana. Mwaka 1991 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Daudi Pete aliyeshtakiwa kwa unyang'anyi, ilibatilisha kifungu kilichowanyima dhamana washtakiwa wa namna yake. Kama mtu wa shtaka zito namna ile alistahili kusikilizwa, sembuse mama wa sabuni?

Baadaye, ikionekana kwamba alifungiwa bure au jina lake lilichafuliwa, aweza kumshtaki aliyemdhulumu mahakamani na kudai fidia. Asiye na fedha za wakili na awatafute wasaidizi wa kisheria, ambao Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua. Na kila mnunuzi aidai stakabadhi yake, aitunze mpaka afike nyumbani. Karatasi ile ndogo ni shahidi asiyesahau.

Tunajua wasomaji wengine watasema, "Maneno haya ni mepesi kuandikwa. Mlinzi ana rungu, nje watu wanakusanyika, na basi laondoka." Ni kweli. Mtu akiona kwamba uhai wake u hatarini, na alipe aokoke. Uhai wa mama una thamani kuliko hoja zetu zote. Hatendi dhambi, dhambi ni ya yule aliyemtisha. Wala asikate tamaa kwa sababu ametia sahihi, maana mahakama hutakiwa kupima kama ungamo lilitoka kwa hiari au kwa vitisho. Lakini akiokoka, na aende akatoe habari, asikae kimya.

Na sasa twafika kwa watu walioko nje ya mlango, yaani sisi wenyewe. Katika mfano wetu mlinzi hakumtisha mama kwa hakimu. Alimtisha kwa majirani. Alijua kwamba neno moja tu litatosha, nasi tutaokota mawe, au, tukiwa wema kidogo, tutacheka na kwenda kusimulia. Nguvu yote ya chumba kile cha nyuma imetoka kwetu. Kama mama angejua kwamba nje wako watu wawili watakaosema, "Ngojeni, na aitwe polisi, sisi tutakaa naye mpaka afike," asingelipa hata senti moja.

Kwa hiyo, ndugu, siku utakaposikia ukelele sokoni Soni, au Bumbuli, au Lushoto mjini, usiulize kwanza ameiba nini. Uliza, "Nani ameona?" Kisha simama karibu na yule aliyeshikwa, hata usipomjua. Akiwa mwizi, utakuwa umemfikisha mbele ya hakimu akiwa mzima. Na asipokuwa mwizi, mwambie dereva wa basi la Mtae angoje kidogo.