Adabu za Mkono wa Kushoto

Jioni, mashua za omena zinapoondoka ufuoni Muhuru Bay, kwenye Ziwa Viktoria nchini Kenya, kuelekea kilindini, mwendesha injini huketi nyuma, upande wa kulia wa tezi, uso akiuelekeza omo. Mkono unaoshika mpini na kuongoza chombo kwa kawaida ni wa kushoto. Ndivyo injini nyingi za mashua zilivyoundwa, ili mkono wa kulia ubaki huru kwa kamba, kwa taa, au kwa kopo la kutolea maji. Wavuvi wote waliomo wameuachia mkono huo roho zao hadi alfajiri, na hakuna anayeuona kuwa mkosefu wa heshima. Asubuhi wakirudi, mkono uleule ukimnyooshea mama wa chai noti ya shilingi 100, hupokewa kwa jicho kali.

Nasaha hizi hazikuja kufuta mila ya mkono wa kulia. Mila hiyo ina akili. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki mkono wa kushoto ulipewa kazi ya kujisafisha, wa kulia ukawekewa chakula na salamu. Mahali ambapo watu sita wanamega ugali kwenye sinia moja, mgawanyo huo uliokoa matumbo mengi kabla sabuni haijafika dukani. Watu wa mwambao wa Ziwa Viktoria wanakijua kipindupindu kwa kuuguza, si kwa kusikia, hivyo hawana sababu ya kuudharau mgawanyo huo. Mzazi anayemfundisha mwanawe kula kwa mkono wa kulia hajakosea. Kosa ni kumpa amri akamnyima sababu, kwa kuwa mtoto aliyepewa amri tupu atakula kwa kulia bila kunawa na kujiona ametimiza adabu yote.

Tena ukweli usemwe: ngege mzima mwenye miiba yake haliki kwa mkono mmoja. Wa kulia humega, wa kushoto hushikilia kichwa, na mzee aliyemkemea mjukuu wake muda mfupi uliopita sasa anafyonza mfupa akiushika kwa mikono miwili.

Waislamu wana kisa mashuhuri cha Umar bin Abi Salama, kijana aliyelelewa nyumbani kwa Mtume Muhammad. Mkono wake ulikuwa ukizungukazunguka katika sahani. Akaelekezwa alitaje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho mbele yake. Masheikh husimulia kisa hiki kila wanapofundisha adabu za chakula, na ni haki yao. Lakini wasimulizi wengi huharakisha mambo mawili. Kwanza, mafundisho yalikuwa matatu, na lile la tatu, la kutovamia upande wa mwenzio, huvunjwa kila siku na watu wa mkono wa kulia bila kusutwa. Pili, kisa hicho hakina fimbo ndani yake. Kijana alifundishwa kwa maneno, akiwa amekaa palepale kwenye chakula.

Balaa ilianza amri ya sahani ilipohamia kwenye kalamu.

Mtu hachagui mashoto. Mwaka 2005 mtafiti Peter Hepper na wenzake wa Belfast walichapisha matokeo ya watoto 75 waliotazamwa kwa mashine ya altrasaundi wakiwa bado tumboni, wakinyonya vidole gumba. Watoto 60 walikuwa wakinyonya cha kulia, na wote wakakua wakitumia mkono wa kulia. Kati ya 15 waliokuwa wakinyonya cha kushoto, 10 wakawa wa mashoto. Na mwaka 2020 watafiti waliojumlisha tafiti nyingi, zenye watu zaidi ya milioni 2, walikadiria kwamba wenye mashoto ni kama asilimia 10.6 ya binadamu. Kwa hesabu hiyo darasa la wanafunzi 50 lina watano hivi, liwe Muhuru, Musoma au Mombasa. Mwalimu asiyewaona huenda wamejificha, au wamekwisha kugeuzwa.

Namna ya kugeuzwa inajulikana na wengi waliosoma zamani: rula kwenye vifundo vya vidole, mkono kufungwa kwa kitambaa, jina la utani likarudiwa na darasa zima. Sheria ya Kenya haiko upande wa rula hiyo. Viboko viliondolewa shuleni mwaka 2001. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 29, inamkinga kila mtu na adhabu ya viboko, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, inakataza kumpiga mwanafunzi na pia kumtesa kiakili. Kumcheka mtoto mbele ya wenzake kwa sababu ya mkono wake kumo humo, hata mwalimu akisema anatania.

Mwalimu mwenye adabu ana kazi nyingine, tena nyepesi. Kwenye dawati la watoto watatu, mwenye mashoto na akae mwisho wa kushoto, la sivyo kiwiko chake kitagongana na cha jirani mchana kutwa na wote wawili wataitwa watukutu. Daftari lake na lilazwe likiinamia kulia, kinyume cha wenzake. Vidole na vishike kalamu juu kidogo, mbali na ncha, ili aone anachoandika, kwa kuwa mwandiko wetu huanzia kushoto na mkono wake huyafunika maneno yake mwenyewe na kuyapaka wino. Asiadhibiwe kwa daftari chafu kabla ya kuonyeshwa haya. (Walioandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu huko pwani, kutoka kulia kwenda kushoto, walikuwa na mwandiko ambao ungemfaa zaidi mtu wa mashoto, ila yaelekea hakuna aliyemruhusu aufaidi.)

Wapo wanaoleta dini mezani kuupinga mkono huu. Kusini mwa Nyanza Waadventista wana mizizi mirefu; misheni yao ya Gendia, karibu na Kendu Bay, ilianzishwa mwaka 1906, na Biblia inasomwa sana hadi visiwani. Mhubiri akiwataja mbuzi waliowekwa kushoto katika Mathayo 25, na asiishie hapo. Afungue Waamuzi sura ya 3 amkute Ehudi mwana wa Gera, mtu wa mashoto, aliyefunga upanga paja la kulia, mahali ambapo haukutarajiwa, akawaokoa Waisraeli na mfalme Egloni wa Moabu. Aendelee hadi sura ya 20, wako Wabenyamini 700 wa mkono wa kushoto waliorusha mawe kwa kombeo bila kukosa shabaha. Mtoto anayeketi kwenye benchi la kanisa akiuficha mkono wake anastahili kuzisikia sura hizo pia.

Mila nazo si sauti moja. Katika boma la Kijaluo la desturi, nyumba ya mke wa kwanza, mikayi, hutazama lango. Ya mke wa pili, nyachira, huwa upande wake wa kulia, na ya wa tatu, reru, upande wa kushoto. Kushoto hapo ni nafasi ya mtu katika mpango wa nyumba, ina mwenyewe na ina heshima yake. Na kwa Wameru wa Mlima Kenya jambo ni kubwa zaidi. Padre Bernardo Bernardi, katika kitabu chake cha 1959, alieleza habari za Mugwe, kiongozi wa baraka, ambaye mkono wake wa kushoto ndio uliokuwa na nguvu takatifu. Ulifunikwa daima, watu wasiuone ovyo, na ukainuliwa wakati wa kubariki. Mwaka uliofuata msomi wa Uingereza, Rodney Needham, aliandika makala nzima juu ya mkono huo, akijiuliza ilikuwaje watu ambao kama wengine waliutanguliza wa kulia wakauweka utukufu mkubwa namna hiyo kushoto. Anayesema kwamba Waafrika tangu hapo waliuona mkono wa kushoto kuwa laana amewasahau Wameru.

Sasa upande wa pili. Mwenye mashoto naye anadaiwa adabu, na nasaha zinazomsifu tu zitamharibu. Salamu na aitoe kwa mkono wa kulia. Ni sekunde moja na haimpunguzii kitu. Akimpa mzee kikombe, au akipokea chenji kwa mama wa dukani, na atumie mikono miwili. Wengi Nyanza tayari huamkia wakubwa hivyo, wa kulia ukisalimu na wa kushoto ukishika kigasha, na ishara hiyo inamwondolea mtu wa mashoto shida yote bila maneno. Mkono mmoja ukiwa na mzigo, neno fupi latosha: samahani mama, natumia kushoto. Kwenye sinia la pamoja na ale kwa kulia kama anaweza. Akishindwa, aombe sahani yake au kijiko, asijitie kwenye ugali wa watu kwa kushoto kisha akaanza kuwahutubia wazee habari za haki zake. Kilio au harusi si mahali pa mjadala huo.

Kuonyesha njia ni mtihani mwingine, na hapa mfano mzuri unatoka mbali. Watafiti Sotaro Kita na James Essegbey walichunguza watu wa kusini mashariki mwa Ghana, ambako kunyoosha kidole cha kushoto ni tusi, wakachapisha waliyoyaona mwaka 2001. Wengi walioulizwa njia waliuweka mkono wa kushoto mgongoni, wakaelekeza hata upande wa kushoto kwa mkono wa kulia uliokatiza kifua. Muhuru haidai kiasi hicho. Mgeni anayeuliza ilipo ofisi ya chifu ataridhika na mkono wowote, mradi kiganja kiwe wazi na kisielekezwe usoni mwa mtu anayepita.

Mafundi wanahitaji nasaha yao, tena ndefu kidogo, kwa sababu kazini ndiko vijana wa mashoto wanakopoteza riziki. Mkasi wa kawaida umepangwa kwa mkono wa kulia. Ukishikwa kwa kushoto, makali huachana badala ya kubanana, na bapa la juu huuficha mstari wa kukata. Cherehani ina gurudumu lake kulia. Pikipiki ya bodaboda huongezwa mafuta kwa mkono wa kulia, na breki ya mbele iko hukohuko. Vitu hivi mtu huvizoea. Ugumu ni pale fundi anapomweka mwanafunzi ubavuni pake na kumwambia atazame. Mtengeneza nyavu anayepitisha sindano kwa kulia, akitaka kumfundisha kijana wa kushoto, na amketishe mbele yake, wakitazamana. Hapo mwanafunzi huona fundo likienda upande wa mkono wake, akaliiga bila kuligeuza kichwani. Fundi asiyejua hili humwita kijana mzito wa kuelewa, akamfukuza, na ufuo ukakosa mshonaji.

Mkono usiotarajiwa una faida zake. Tarehe 15 Machi 2003, mjini Durban, Aasif Karim wa Mombasa aliirushia Australia mpira kwa mkono wa kushoto katika Kombe la Dunia la kriketi, akawatoa wapigaji 3 na kuruhusu mikimbio 7 tu. Kenya ilishindwa siku hiyo, lakini mchezaji bora wa mechi alikuwa yeye. Na Barack Obama, ambaye baba yake alizaliwa karibu na Kendu Bay, katika kaunti ya leo ya Homa Bay, alitia saini zake za kwanza za urais mwezi wa Januari 2009 kwa mkono wa kushoto, mbele ya kamera. Kalamu hiyohiyo, katika shule nyingi za kando ya ziwa kilizosoma kizazi cha baba yake, ingemletea fimbo.

Mwenyeji naye asisahaulike. Akimkaribisha mgeni wa mashoto, na amweke pembeni mwa meza, upande wa kushoto, bila kutangaza sababu. Asiulize kama mama yake alishindwa kumfunza. Asiseme, hata kwa mzaha, kwamba mkono huo una kijicho au unaleta nuksi kwenye nyavu. Mwambao huu una maneno ya kutosha ya kutiana hofu. Maji ya kunawa yamfikie kama yanavyowafikia wengine, na sabuni pia.

Walimu wa chekechea na wa gredi ya kwanza wa Muhuru, na wa eneo lote la Nyatike, ndio wanaoombwa zaidi. Wiki hii wawatafute hao watano, wawaulize kwa upole wanapenda kuandika kwa mkono gani, na wawahamishie mwisho wa kushoto wa dawati. Kazi hiyo haihitaji bajeti ya kaunti wala barua ya wizara.