Mwenzako Akiacha Dawa za Akili



Wapendwa wanandoa, mwezi huu tuongee juu ya jambo ambalo wengi hulificha hata kwa padri. Ni juu ya nyumba ambamo mume au mke ana ugonjwa wa akili uitwao skizofrenia. Mwenye ugonjwa huu husikia sauti zisizosikiwa na wengine, hushuku kwamba watu wanamtilia sumu, au hujitenga asitake kuonana na mtu. Vijijini tunanong'ona juu ya laana na mapepo. Huu ni ugonjwa, kama kisukari kilivyo ugonjwa. Tangu 1952, madaktari wa Paris walipoanza kutumia dawa iitwayo klopromazini, umekuwa ukitulizwa kwa dawa, na nyingine nyingi zimepatikana baadaye.

Lakini dawa haifanyi kazi ikiwa chini ya godoro.

Mume mmoja alinijia baada ya ibada ya Jumapili pale kigangoni. Mkewe alikuwa ametulia karibu miaka miwili, analima, anaimba kwaya. Halafu akaanza tena kuongea usiku na watu wasioonekana. Mume alipoinua godoro alikuta vidonge vya miezi mitatu vimefungwa katika kitambaa. "Mwalimu, amenidanganya," akaniambia. "Kila jioni mimi mwenyewe nilimpa maji ya kumezea." Nilimwuliza kama amewahi kumwuliza mkewe sababu. Hakuwa amemwuliza.

Mama huyo alipopata nafuu alitueleza. (Wamekubali niandike, bila majina.) Dawa zilikuwa zimekatiza siku zake za mwezi. Hawa ni wanandoa waliofundishwa kupanga uzazi kwa njia ya asili, na mama aliandika dalili zake kila siku. Sasa dalili zimevurugika, matiti yanatoa maziwa bila mimba, na mama mkwe anauliza kama kuna mtoto njiani. Aliona haya kumwambia mumewe. Aliona haya zaidi kumwambia muuguzi wa kliniki, kijana wa umri wa mwanawe. Basi akanyamaza, akaacha dawa.

Ni kweli kwamba baadhi ya dawa hizi huongeza mwilini ile homoni ya maziwa, na mambo hayo hutokea. Kukosa siku hakumaanishi kwamba mama hawezi kushika mimba. Kwa hiyo msiitegemee kadi peke yake, ulizeni daktari. Na mimba ikiingia, asiache dawa kwa uamuzi wake, aende aongee na daktari mapema. Kwa wanaume, dawa zaweza kupunguza nguvu au hamu ya tendo la ndoa, na hapo wengi huzitupa bila kusema neno. Nyingine hunenepesha, nyingine hutetemesha mikono, nyingine huleta usingizi hata mtu ashindwe kuamka kukamua ng'ombe. Daktari aweza kupunguza kipimo au kubadilisha dawa. Ziko pia sindano za kudungwa kila baada ya majuma kadhaa kwa aliyechoshwa na vidonge. Lakini daktari atajuaje la chumbani msipomwambia?

Kuna mtego mwingine. Aliyeacha dawa haanguki kesho yake. Mara nyingi kwanza hujisikia vizuri: mikono imetulia, usingizi umepungua. Majirani wanashangilia. Ugonjwa hurudi baada ya majuma au miezi, wakati hakuna tena anayekumbuka vidonge. Katika nafasi hiyo ndipo mhubiri wa krusedi huinua mikono na kusema umepona, tupa dawa. Nimewaona waliozitupa. Nimesaidia kumfunga mmoja wao kamba ili tumpeleke hospitali, na sitaki kurudia kazi hiyo.

Kanisa halitufundishi hivyo. Mpako wa Wagonjwa ni sakramenti, nasi tuuombe kwa imani, lakini haukuwekwa kuchukua nafasi ya dawa. Someni leo jioni Yoshua bin Sira, sura ya 38. Kitabu hiki kimo katika Biblia yetu Wakatoliki. Wenzetu wengi hawanacho. Mgonjwa anaambiwa asali, kisha ampe mganga nafasi yake, kwa kuwa Bwana ndiye aliyezitoa dawa katika ardhi. Hachaguzwi kati ya hayo mawili. Na katika kitabu cha Tobiti, malaika Rafaeli, aliyetumwa na Mungu mwenyewe, alimwelekeza kijana kutumia nyongo ya samaki kwa macho ya baba yake.

Nawe uliye mzima, usigeuke askari. Usitie dawa kwa siri katika uji au chai. Yule anayeogopa kutiliwa sumu, siku atakapokugundua, utamthibitishia hofu yake, na hatakula tena mkononi mwako. Wala usimwulize "umemeza leo?" kila anapokupinga juu ya pesa au shamba. Mgonjwa naye aweza kuwa na haki katika ugomvi. Kumbuka pia kwamba kutojiona mgonjwa mara nyingi ni sehemu ya ugonjwa huu, si ukaidi.

Kaeni siku ya utulivu, mpatane: dawa imezwe saa ngapi, labda baada ya rozari, dalili gani za kwanza zionyeshe kwamba hali inabadilika, kama kukosa usingizi au kuanza kushuku watu, na nani aitwe. Dawa zikikosekana zahanati, au nauli ikikosekana, jumuiya ndogo ndogo isaidie kama inavyochangia matanga. Na ikiwa kuna hatari kwako au kwa watoto, tokeni hapo, mwite watu, apelekwe hospitali. Kulala kwa jirani usiku mmoja si kuvunja ndoa.

Yule mama alibadilishiwa dawa, na baada ya miezi michache siku zake zikarudi. Mumewe sasa huingia naye kwa daktari. Mara ya kwanza, mume aliketi akitazama sakafu tu, na mkewe ndiye aliyeanza kusema.