Santuri na Deni

Mtu akikutana tena na kitu alichokipenda ujanani hukutana na wawili: kitu chenyewe, na yeye mwenyewe alivyokuwa. Jambo hili lilinithibitikia nilipopata santuri ya kwanza ya Tracy Chapman, mwimbaji wa Marekani. Ilitoka mwaka 1988, ikatolewa upya mwaka 2025, nayo ina nyimbo 11.

Nilipokuwa kijana niliijua kwa kaseti iliyonakiliwa mara nyingi, hata sauti ikawa kama ya mtu asemaye nyuma ya pazia. Mimi na dada yangu tuliupenda wimbo wa “Fast Car” kuliko zote. Husimulia msichana aliyeacha shule ili amtunze baba yake mlevi, kisha akaondoka na mpenzi wake kutafuta maisha. Mimi nilisikia safari tu. Gari lilikuwa langu, na njia ilikuwa yangu.

Santuri haina mvumo wa kaseti ile. Kila neno lilinifikia likiwa zima. Safari hii nilimsikia baba. Nilistaajabu, maana habari yake haikuongezwa. Ilikuwapo tangu mwanzo. Nami nilipokwenda mbali kusoma, baba yetu mgonjwa aliuguzwa na dada yangu, aliyeacha shule akiwa kidato cha pili. Mimi nilipata shahada ya uzamivu. Yeye alipata sifa ya uvumilivu, na sifa haivaliwi wala hailiwi.

Je, mtu ana lawama kwa jambo ambalo ujana wake haukulisikia? Wako wasemao kuwa kutojua ni udhuru, nami nilitamani kujificha chini ya kivuli cha neno hilo. Lakini dada yangu aliisikiliza kaseti ile ile, na kifungu cha baba alikiimba bila kukosa. Basi ubovu haukuwa wa kaseti. Masikio husikia yanayoyafaa, na moyo hushuhudia kwamba hayakusemwa mengine.

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Nitakwenda kwa dada yangu, na santuri nitaichukua. Sidhani kuwa deni la miaka hulipwa kwa muziki, wala sitaki aniambie kuwa yamekwisha. Nataka kulitaja mbele yake, kwa sababu deni lisilotajwa halianzi kulipwa.