Fardhi ya Kuokoa Haigawanyiki

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad. Ama baada ya hayo.

Ajue kila Mwislamu ya kwamba fardhi ni namna mbili: fardhi aini, impasayo kila mtu kwa nafsi yake, kama sala tano; na fardhi kifaya, ambayo wakiitenda baadhi ya watu, waliosalia huondokewa na dhima, na wakiiacha wote wawezao, wote wamepata dhambi. Kuosha maiti ni katika hiyo, na kumwokoa mwenye kuzama vilevile.

Wapo waliolifahamu neno hili kinyume. Mathalani katika ufuko wa Ziwa Nyasa, Liuli au Mbamba Bay, nchi iliyokuwa ya Wilaya ya Mbinga hata mwaka 2012 ilipofanywa Wilaya ya Nyasa. Upepo wa mwera umevuma, mawimbi yameinuka, mtumbwi umepinduka. Akiwapo mvuvi mmoja tu, hujua ya kuwa hapana mwingine, akaingia majini. Wakiwapo watu arobaini, kila mmoja humtazama mwenziwe, akasema moyoni, "Yuko ajuaye kuogelea kuliko mimi." Na maji hayangoji.

Jambo hili lilipimwa New York na wataalamu wawili, John Darley na Bibb Latané, habari yake ikatolewa mwaka 1968. Vijana wa chuo walisikizwa sauti ya mtu kama aliyeshikwa na kifafa. Waliodhani wanasikia peke yao, 85 katika 100 waliharakia kumtakia msaada. Waliodhani wako wengine wanne wasikiao, 31 tu. Wala hawakuwa na moyo mgumu, wengine mikono iliwatetemeka. Ila kila mmoja alimtupia mwenziwe mzigo.

Lakini dhima si nyama ya kukatwa mafungu. Watu arobaini hawapati kila mmoja fungu la arobaini. Ni kamili juu ya kila awezaye, mpaka asimame wa kuitimiza. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege yenye watu 43 ilianguka katika Ziwa Viktoria karibu na Bukoba. Wavuvi hawakungoja wenye vyombo bora; walitangulia kwa mitumbwi yao. Watu 19 walikufa, na 24 wakaokoka.

Basi mwenye akili huanza yeye. Asiyeweza kuogelea hutupa kamba, au humwita mmoja kwa jina lake, "Fulani bin Fulani, shika kasia!" kwani aliyetajwa hana wa kumtazama. Na Siku ya Kiyama kila nafsi itahudhurishwa peke yake, wala haitapata kundi la kujificha nyuma yake.

Wabillahi taufiki.