Nani Anywe Kwanza?

Asubuhi na mapema, kabla jua halijachomoza juu ya milima ya ng'ambo ya Ruzizi, akina mama na watoto wa Kamanyola wamekwisha kushika njia, bidoni kichwani. Bidoni la kawaida huchukua lita 20. Wataalamu wa afya husema kwamba mtu mmoja ahitaji kadiri hiyo kila siku, apate kunywa, kupika na kunawa. Tulikumbuke bidoni hilo, wasomaji wapenzi, maana ndilo litakalokuwa kipimo chetu leo.

Siku hizi twasikia habari za fueli mpya iitwayo haidrojeni. Ni kitu gani? Ni hewa nyepesi kuliko hewa zote, nayo imo ndani ya maji. Ukipitisha umeme katika maji, maji hugawanyika: huku haidrojeni, huku oksijeni. Haidrojeni ikiungua haitoi moshi mweusi, bali hurudi kuwa maji. Yaweza kuendesha gari, yaweza kutengeneza mbolea. Wala si jambo geni katika Afrika: huko Kwekwe, Zimbabwe, kiwanda cha mbolea kilipata haidrojeni kwa njia hiyo tangu miaka ya 1970 mpaka 2015. Mwaka 2021 kampuni ya Fortescue ya Australia ilizungumza na serikali yetu juu ya kuitengeneza kwa umeme wa Inga. Kenya nayo ilitangaza mpango wake mwaka 2023.

Kamanyola hakuna kiwanda cha namna hiyo. Lakini mto tunao, na mto huo hutoa umeme. Ruzizi I, karibu na Bukavu, hufanya kazi tangu mwisho wa miaka ya 1950. Ruzizi II tangu 1989. Na Ruzizi III, mradi wa Kongo, Rwanda na Burundi wa megawati 206, umekusudiwa kujengwa karibu nasi. Penye mto na umeme, mwenye kutafuta haidrojeni aweza kubisha hodi siku moja. Yafaa basi tuwaze kabla mgeni hajafika mlangoni.

Je, haidrojeni hunywa maji mengi? Tuhesabu bila hila. Kilo moja yahitaji lita 9 za maji yaliyo safi kabisa. Ukiongeza maji yanayopotea katika kusafisha na kupoza mitambo, hesabu yaweza kufika lita 20 au 30. Yaani kilo moja, iwezayo kuendesha gari dogo kama kilometa 100, hula bidoni zima na pengine zaidi: maji ya mtu mmoja ya siku nzima.

Wengine wakisikia hayo watapiga kelele: "Watatukaushia mto!" La, tusiseme uongo, hata kwa kutetea haki. Ruzizi hutoka katika ziwa Kivu na lita elfu 80 au zaidi kila sekunde. Hata kama umeme wote wa Ruzizi III ungetumika kwa kazi hiyo, maji ya kiwanda ya saa nzima yasingepita maji yanayotiririka mtoni kwa sekunde mbili. Mto hautakauka kwa sababu hiyo.

Basi hatari iko wapi? Hatari ni kwamba mto umejaa, na watu wa kando yake wana kiu. Mji wa Uvira umejulikana miaka mingi kwa ugonjwa wa kipindupindu, ingawa umeketi penye ziwa kubwa. Katika bonde letu wako wanaochota mtoni au mferejini, hapo hapo ng'ombe wanyweapo. Na mashini ya haidrojeni? Hiyo haikubali maji ya namna hiyo. Maji yake hayana budi kuchujwa na kuchujwa tena, hata yawe safi kupita yale ya kunywa, na uchafu uliochujwa hubaki katika maji mengine, ambayo yasipoangaliwa yatarudishwa mtoni. Fikirini jambo hilo: chuma kinywe maji safi, na mtoto, hatua chache kutoka ukutani, anywe maji yenye ugonjwa. Sheria ya vitabu pengine isione kosa. Dhamiri je, itanyamaza?

Mtu atajibu: "Subirini. Kiwanda kitalipa kodi, kodi itajenga mabomba." Hatudharau neno hilo, kazi na kodi ni vitu vyema. Lakini mbona mashini haikuambiwa isubiri? Tena, kusafisha maji ni sehemu ndogo sana ya gharama. Kilo moja ya haidrojeni hula umeme wa kilowati-saa 50 hivi. Hata kuondoa chumvi ya bahari katika lita 20 hakufiki sehemu moja katika mia ya umeme huo. Huko Omani, nchi isiyo na mito ya kudumu, wanaopanga kutengeneza haidrojeni wanategemea maji ya bahari yaliyoondolewa chumvi. Basi awezaye kusafisha maji kwa ajili ya mashini hana udhuru wa kushindwa kuyasafisha kwa ajili ya jirani.

Twakumbuka habari za Isaka. Watumishi wake walichimba kisima, wachungaji wa mahali wakagombana nao. Wakachimba cha pili, wakagombana tena. Hakupata raha mpaka kisima kilipochimbwa bila ugomvi. Maji yaliyopatikana kwa ugomvi hayaleti amani, hata yawe mengi. Na Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, katika kifungu cha 48, humhakikishia kila raia maji ya kunywa na umeme. Kudai jambo hilo si kuomba sadaka.

Nasi je, mikono yetu ni safi? Takataka zitupwazo Bukavu huteremka ziwani, hujikusanya penye boma la Ruzizi I, na kuzuia mitambo. Anayetupa chupa leo asishangae kukosa taa kesho. Hatuwezi kumdai mgeni aheshimu mto ambao sisi wenyewe tumeufanya jalala.

Basi tushauri nini? Kila patakapoitwa mkutano wa mradi wowote wa mto huu, tuende, wanaume kwa wanawake, hasa wale wabebao bidoni. Tuulize mambo matatu: Maji machafu yatakwenda wapi? Bomba la watu litafunguliwa siku gani? Je, siku hiyo ni kabla ya mashini kuwashwa, au baada? Jibu liandikwe katika mkataba, lisiishie mdomoni.

Wazee husema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Naye haidrojeni na aje, tutampokea. Lakini mtoto wa nyumba anywe kwanza.